Kiinua Mgongo cha Mtu Aliyeaga

Kornelio alikuwa mjomba wa mke wangu. Alikata mkonge katika shamba la Kimbwala, kwenye uwanda ulio kati ya Kilosa na Mikumi, tangu kabla ya Uhuru hadi mwaka 1976, shamba lilipofungwa. Siku ya kufungwa, wafanyakazi wote waliandikiwa kiinua mgongo isipokuwa yeye. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, wala hakupata kumjibu mnyapara vibaya. Alinyimwa kwa sababu alikuwa ameaga.

Habari hii alinisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kufunga mzigo wa kuni. Mimi nimesoma chuo kikuu, na niliwahi kuhudhuria mihadhara ya sheria za kazi. Hata hivyo sina hakika mpaka leo kama naweza kuonyesha kwa kidole mahali alipokosea, au kama alikosea. Nitayaeleza mambo yalivyofuatana.

Alizaliwa Mamboya, milimani, katika nyumba ya Waanglikana ambamo hakuna aliyegusa chakula kabla ya sala, wala sala haikuanza kabla mgeni hajanawa. Katika nyumba hiyo alifundishwa kwamba mgeni mwenye adabu hangoji kuambiwa aondoke. Humtazama mwenyeji wake. Akiona mboga imeanza kuwa ileile, au mama mwenye nyumba ameanza kuzungumza habari za kulima wakati wa kula, huinuka na kusema kwamba amekaa vya kutosha. Mwenyeji hupinga kidogo, naye mgeni hushikilia. Kisha mwenyeji huinuka na kumsindikiza hadi kijito cha kwanza, au hadi njia panda, na hapo ndipo mgeni huwa ameondoka. Aliyeaga lakini hajasindikizwa bado yumo nyumbani, hata kama mzigo wake uko kichwani. Sijui kama nyumba zote za Mamboya zilishika desturi hii kwa ukali namna hiyo. Nyumba ya kina Kornelio iliishika.

Alipoteremka uwandani akiwa kijana kutafuta kazi ya mkonge, shamba lilikuwa la Mgiriki mmoja. Kornelio alijihesabu kuwa mgeni wa Mgiriki. Baada ya Azimio la Arusha, Serikali ililichukua shamba, na ukafanyika mkutano kando ya korona, yaani ile mashine kubwa ya kukamua majani ya mkonge yabaki nyuzi. Wafanyakazi wakaambiwa kwamba tangu siku hiyo shamba ni lao. Kornelio alipiga makofi pamoja na wenzake, kisha akaendelea kuwa mgeni. Alichoona ni kwamba mwenyeji amebadilika.

Mwenyeji wake wa mwisho aliitwa Lupakisyo, mtu wa Rungwe, meneja mpole aliyependa kutembea shambani asubuhi akiwa ameshika mikono nyuma. Kornelio alimzidi umri kwa miaka kadhaa, kwa hiyo kila walipokutana meneja alimwamkia mkata mkonge, na mkata mkonge akamwitikia meneja, kisha kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Mwaka huo wa 1976 bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, na kila mtu kambini alijua. Siku moja korona ilisimama ili itengenezwe, na mafundi hawakuja. Mke wa meneja alipeleka kuku wake kwao Tukuyu. Wafanyakazi walizungumza mambo hayo jioni, na mazungumzo yote yaliishia kwenye kiinua mgongo. Tawi la chama lilikuwa limewaeleza kwamba anayeachishwa kazi bila kosa lake hulipwa kitu cha kumshikiza mpaka asimame tena. Kornelio na mkewe, Perpetua, walikuwa wamekwisha kukipangia kazi kitu hicho. Timotheo, mdogo wake Kornelio aliyebaki Mamboya, alikuwa ameleta habari kwamba serikali ya kijiji ingewagawia mashamba wana wa kijiji watakaorudi kabla ya mvua, mradi waje na chakula chao cha kuwafikisha kwenye mavuno. Ardhi ilikuwapo. Kilichokosekana ni chakula cha miezi ya katikati, na hicho kingetoka katika kiinua mgongo.

"Na kisipotoka?" Perpetua alimwuliza.

"Kitatoka."

"Kisipotoka tunakwenda kwetu Kilangali, kwenye mashamba ya Serikali. Vibarua wanachukuliwa kila siku na jioni unakula."

"Nimekuwa kibarua ujana wangu wote, Mama Sesilia."

"Ndiyo maana umezoea."

Basi Kornelio alianza kumtazama meneja. Aliona kwamba Lupakisyo amepunguza matembezi ya asubuhi. Na alipotoka alipita upande ambao hakuna watu, na akikutana na mtu alitazama majani ya mkonge. Wenzake walisema meneja anaficha jambo. Kornelio aliona mwenyeji anayeona haya kuwaambia wageni kwamba chakula kimekwisha. Alimhurumia. Ijumaa moja, baada ya kazi, alioga, akavaa shati la kanisani, akaenda ofisini.

"Shikamoo, mzee Kornelio," alisema Lupakisyo.

"Marahaba, Ndugu Meneja. Nimekuja kuaga."

"Umepata msiba?"

"Hatujafiwa. Nakwenda nyumbani."

"Likizo?"

"Nyumbani kwenyewe. Naona nimekaa vya kutosha."

Hapo Kornelio alinyamaza kungoja meneja apinge kidogo. Lupakisyo hakupinga. Alimtazama kwa muda, akatazama dirisha, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nimekuja mapema."

"Haya, mzee. Nenda salama."

Meneja akainamia karatasi zake. Kornelio alibaki amesimama karibu na mlango. Alikohoa mara moja. Lupakisyo aliinua macho, akatikisa kichwa kwa upole, akarudi kwenye karatasi, hakuinuka kitini. Karani wa chumba cha pili alikuwa amesikia yote, na kwa kuwa ni mtu mwepesi wa kazi, kabla Kornelio hajafika kambini alikuwa amekwisha kuandika kwamba ameacha kazi kwa hiari yake.

Perpetua alikuwa akichambua mchicha mlangoni.

"Amekusindikiza mpaka wapi?"

"Hakuinuka."

"Hata mlangoni?"

"Hata mlangoni."

Perpetua alifikiri. Yeye si mtu wa milimani, lakini alikuwa ameishi na desturi za mumewe muda mrefu kuliko alivyoishi na za mama yake. "Basi hujaondoka," alisema.

Kwa hiyo Jumatatu Kornelio alichukua kisu chake akaenda kazini. Korona ilikuwa bado imesimama, lakini ukataji uliendelea, kwani hakuna aliyetoa amri ya kuusimamisha. Mnyapara wa upande wake aliitwa Donati, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, ambaye alikuwa amekula, amecheka na kugombana na Kornelio kwa miaka mingi.

"Wewe huna jina," Donati alimwambia. "Limefutwa. Nimelifuta mimi mwenyewe asubuhi hii."

"Najua. Niliaga."

"Aliyeaga hukata mkonge?"

"Sijasindikizwa."

Donati aliwageukia wenzake waliokuwa wakinoa visu. "Mnasikia Mkaguru huyu? Anangoja meneja ambebee kikapu mpaka Mamboya."

"Mpaka njia panda tu," alisema Kornelio, akaingia kwenye mistari.

Aliendelea kukata mkonge kila siku ya kazi mpaka shamba lilipofungwa. Alikata majani, akaondoa miiba ya ncha, akafunga matita na kuyapanga kando ya reli ya matroli kama kawaida. Donati hakuweza kuyaandika matita hayo kwa jina la mtu asiye na jina, wala hakuweza kuyaacha yaoze, kwa hiyo yaliingia katika hesabu ya shamba bila kutoka kwa mtu. Wenzake waliyaita matita ya marehemu. Mara mbili tatu Lupakisyo alipita asubuhi, akamwona Kornelio ameinama kwenye mkonge, akageuza njia. Siku ya mshahara Kornelio hakwenda dirishani. Alisema mtu anayengoja kusindikizwa hufanya kazi za pale nyumbani ili asikae bure, hadai ujira.

Hapo ndipo akili yangu hukwama. Najua kanuni inayomhukumu mtu huyu, na nikiisoma naiona ni ya haki kabisa. Kisha namfikiria ameinama kwenye mkonge na shati lake la kazini limelowa, nami sioni kanuni ile ilikuwa imesimama wapi wakati ule.

Shamba likafungwa. Afisa kutoka makao makuu aliwakusanya watu kando ya korona, akasoma majina ya walioachishwa, na kila aliyesikia jina lake alipiga hatua upande wa kulia. Mwishoni upande wa kushoto walibaki Kornelio, mbwa wa karani, na wanawake wawili waliokuja kuuza maandazi. Karani alieleza kwamba huyo mzee aliacha kazi mwenyewe kabla ya tangazo, na sheria haimtambui. Lupakisyo hakuwapo, alikuwa amehamishwa siku tatu kabla, kwenda Mikumi kusimamia bohari ya magunia.

Jioni Donati alikuja na ushauri.

"Nenda Kilosa kwa afisa kazi. Mwambie hukuaga."

"Meneja alinisikia."

"Meneja yuko Mikumi na nyani. Karani naye nitamweleza awe na sikio bovu. Sema ulikwenda kuomba dawa ya mafua."

"Niseme nimekaa nyumba ya mtu miaka yote hiyo, nikaondoka bila kuaga?"

"Sema hivyo."

"Kama mwizi."

"Kama mtu atakayekula," alisema Perpetua kutoka ndani. Kisha akatoka, akakaa kizingitini. "Mimi sikulazimishi kusema uongo, Baba Sesilia. Nakwambia tu mambo yangu. Mawingu yameanza. Mvua ya kwanza ikinikuta kambini hapa, nachukua watoto naenda Kilangali, na wewe utatukuta huko ukiwa tayari kuinama tena."

Kornelio alisema amesikia. Kesho yake alikwenda Kilosa.

Afisa kazi wa wilaya alikuwa mwanamke aliyeitwa Costancia, mwenye miwani na meza ndogo kuliko kazi yake. Alimwamkia mzee, akamkaribisha benchi, akamsikiliza bila kumkatiza.

"Mzee wangu," alisema baadaye, "sheria hii ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Aliyeambiwa aondoke bila kosa lake, analipwa. Aliyefukuzwa kwa kosa, kama wizi, halipwi. Aliyeondoka kwa hiari yake halipwi, kwa sababu hakuna aliyemwondolea kazi. Wewe ni yupi kati ya hao?"

"Mimi niliaga."

"Huyo hayumo."

"Basi sheria imemsahau."

"Haikumsahau. Inamhesabu pamoja na walioondoka kwa hiari. Kwa nini uliaga?"

"Meneja alikuwa anaona haya kutuambia."

Costancia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa hiyo ulimsaidia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ungesubiri akufukuze, ungelipwa."

"Ningempa taabu."

"Kiinua mgongo ni malipo ya taabu hiyohiyo, mzee. Serikali imekubali meneja aipate." Alifungua faili, akalifunga. Alikuwa amekwisha kuinua mkono kumwita mtu wa nje aliyefuata, kisha akauliza, nadhani kwa ajili ya kumaliza tu, "Ulipotoka kuaga ulikwenda wapi?"

"Nyumbani kambini. Jumatatu nikaenda kazini."

"Kazini wapi?"

"Kimbwala."

"Kufanya nini?"

"Kukata mkonge."

"Mpaka lini?"

"Mpaka walipofunga."

Costancia aliushusha mkono. "Mzee, uliaga au hukuaga?"

"Niliaga. Sikusindikizwa."

Akalazimika kueleza desturi yote tangu mwanzo, mboga na kijito na njia panda. Costancia alikuwa mtu wa Magole, kule tambarare karibu na Dumila, na kwao mgeni akitaka kuondoka alisema anaondoka. Lakini aliuliza maswali mengi, na mengine aliyauliza mara mbili.

"Sikiliza sasa," alisema mwishoni. "Mtu akisema naacha kazi, kisha akaendelea kufanya kazi ileile, na mwenye kazi anamwona na hamzuii, mimi siwezi kusema ameacha. Maneno yake yalitoka, mwili wake ukabaki. Ila nahitaji mtu mwenye mamlaka aliyekuona. Mnyapara hatoshi, maana ndiye aliyefuta jina lako. Hawezi kuupinga mkono wake mwenyewe. Meneja alikuona?"

"Aliniona."

"Aje aniambie yeye. Na aje mapema. Mafaili ya Kimbwala yanakwenda Morogoro mwisho wa mwezi, na yakishakwenda mimi sina la kufanya."

Kornelio akapanda garimoshi la kwenda Mikumi. Bohari ya magunia ilikuwa karibu na stesheni, jengo refu la bati ambalo nyani walilitumia kama baraza. Lupakisyo alikuwa ameketi nyuma ya meza iliyozungukwa na magunia. Alipomwona Kornelio hakumwamkia mara moja.

"Wewe ndiye uliyenikimbia kwanza," alisema. Kisha akakumbuka. "Shikamoo."

"Marahaba. Sikukukimbia."

"Watu wote wa Kimbwala walingoja nami mpaka mwisho. Wewe, niliyekuheshimu kama kaka yangu, ukavaa shati jeupe ukaja kuniambia umekaa vya kutosha. Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Halafu nakuta umeinama kwenye mkonge, bila jina, bila mshahara. Nikasema, huyu mzee ananilaani. Anakata mkonge wangu bure ili Mungu aone."

"Nilikuwa nangoja unisindikize."

Lupakisyo alimtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyo mbali. Kornelio akaeleza desturi kwa mara ya pili katika juma lile. Nyani mmoja alitembea juu ya paa, na wote wawili walingoja apite.

"Kwetu Rungwe," alisema Lupakisyo taratibu, "anayeaga tunampa ndizi. Hatumwulizi zaidi."

"Hukunipa hata ndizi."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa, mzee. Barua ya kufunga shamba ilikuwa kwenye mtoto wa meza, mbele ya tumbo langu, na nilikatazwa kuisema. Ulipoingia ukasema unakwenda, nilidhani umeisoma."

Kornelio akamweleza lililomleta: kwamba afisa kazi anahitaji kusikia kutoka kwake kwamba alimwona akifanya kazi baada ya kuaga na hakumzuia, kwamba bila hilo yeye ni mtu aliyeacha kazi kwa hiari, na hapana kiinua mgongo, hapana chakula cha kufikia mavuno, na shamba la Mamboya atapewa mwingine.

Lupakisyo alimjibu kama meneja.

"Unajua unachoniomba? Nikisema nilikuona ukifanya kazi, wataniuliza kwa nini sikukulipa. Kumfanyisha mtu kazi bila mshahara, katika shamba la umma, nchi hii, wakati huu. Makao makuu wanatafuta mtu wa kumbebesha hasara ya Kimbwala. Nitakuwa nimewapelekea kamba na shingo."

"Waambie sikudai."

"Hilo ndilo litakaloniangusha kabisa. Kwamba hukudai na mimi nikanyamaza."

Kornelio aliniambia kwamba wakati ule aliiona hatari ya Lupakisyo kwa uwazi kuliko hatari yake mwenyewe, na kwamba kumsukuma mtu ndani ya nyumba yake si jambo analoliweza. Alisema, "Basi, uliyoyaona ni yako. Ukitaka yaseme, usipotaka yaache." Akachukua kofia yake.

Lupakisyo akainuka.

"Usiinuke," alisema Kornelio.

"Kwa nini?"

"Ukinisindikiza leo nitakuwa nimeondoka, na shauri langu halijakwisha. Kaa tu."

Meneja alibaki ameinama nusu, mikono mezani, hajasimama wala hajakaa. Kisha akaketi. Kornelio akatoka peke yake mpaka stesheni, akala muhogo wa kuchoma, akangoja garimoshi la kurudi bila kujua amepata nini.

Siku zilizofuata mawingu yaliongezeka upande wa Mikumi. Perpetua alifunga masufuria katika kanga, akayaacha mlangoni ili kila mtu ayaone. Donati, ambaye alikwisha kupokea chake na alikuwa akijiandaa kwenda kwao, alikuja kuaga, na Kornelio akamsindikiza mbali sana, hata Donati akamwambia arudi asije akaonekana naye anahama.

Lupakisyo alikuja Kilosa Jumatano ya mwisho wa mwezi. Hakumpelekea mtu habari. Costancia ndiye aliyemtuma mhudumu wa ofisi kumwita Kornelio. Waliketi benchi moja mbele ya meza ndogo.

"Ndugu Lupakisyo," Costancia aliuliza, "mzee huyu alikwambia anaacha kazi?"

"Aliniambia amekaa vya kutosha."

"Baadaye ulimwona akifanya kazi?"

"Nilimwona."

"Ulimzuia?"

"Sikumzuia."

"Ulimlipa?"

Lupakisyo alivuta pumzi. "Sikumlipa. Nilikuwa naona haya kuongea naye, nikapita upande mwingine."

"Kila siku?"

"Kila nilipomwona."

Costancia aliandika kwa muda mrefu. Kalamu yake ilikuwa na kelele. Hatimaye alisema kwamba aliyeaga akaachwa aendelee na kazi hajaacha kazi, kwamba Kornelio alifanya kazi Kimbwala mpaka siku ya kufungwa, na siku hiyo aliachishwa kama wenzake, bila kosa lake, na kwamba anastahili kiinua mgongo. Kisha akageuza karatasi upande wa pili.

"Na hizi siku ambazo hakulipwa, ni deni la mwajiri. Naliandika hapa pamoja na jina la meneja aliyekuwapo. Lazima niandike, Ndugu."

"Nilijua nilipopanda garimoshi," alisema Lupakisyo.

"Mzee, una la kusema?"

Kornelio alisema kwamba kama inawezekana, upande wa pili wa karatasi uachwe mweupe. Costancia akamjibu kwamba karatasi ya Serikali haina upande wa hisani. Lupakisyo alipata barua ya onyo kutoka makao makuu, na alikaa bohari ya Mikumi miaka mingi kuliko alivyotarajia; kama barua hiyo ndiyo iliyomkalisha huko, sikupata kujua. Siku ile alitoka pamoja na Kornelio na kutembea naye kimya mpaka ng'ambo ya daraja la Mkondoa. Hapo walipeana mikono, naye akarudi stesheni.

Malipo yalitoka kwa kuchelewa kidogo, na mvua nayo, kwa bahati, ilichelewa kidogo zaidi. Kornelio na Perpetua walinunua magunia ya mahindi na maharage Kilosa kwenyewe, maana milimani bei ilikuwa juu, wakapanda lori pamoja na watoto. Timotheo alikuwa amewawekea kaya yao nafasi katika orodha ya kijiji. Waligawiwa kipande cha mteremko chenye mawe upande mmoja, wakakilima, na mvua ya kwanza iliwakuta wamekwisha kupanda.

Nimewahi kukaa na kalamu nikijaribu kupima kama kiinua mgongo kile kilitosha kwa kazi kiliyowekewa. Sheria ilikuwa imehesabu miaka ya kazi ya Kornelio. Haikuwa na namna ya kuhesabu urefu wa masika Mamboya, ambako kuna baridi na mahindi hukawia kukomaa kuliko ya uwandani. Gunia la mwisho liliisha wakati mahindi yamebeba lakini hayajakauka. Perpetua aliingia shambani asubuhi, akavunja mabichi kiasi cha kujaza sufuria, akayachemsha.

"Yule afisa wako alikuhesabia mpaka wapi?" alimwuliza mumewe walipokaa kula.

"Mpaka siku ya mwisho ya kazi."

"Angehesabu mpaka siku ya kwanza ya kuvuna."

Kornelio alisema hindi alilopewa bado lilikuwa maji matupu, akalirudisha sufuriani na kuchagua jingine. Walikula mabichi hivyo mpaka yaliyobaki yakakauka. Kilangali hawakwenda.